Joto la Chumba

Hita ilikuwa marufuku katika maabara ile, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Syombua, maana tangazo la mlangoni alilibandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka uliotangulia waya za ukutani ziliungua, ikapatikana kuwa hita iliyoziunguza ni yake, na Daktari Ndambuki, mkuu wa maabara, akampa barua ya onyo. Barua ya pili, alimwambia, itakuwa ya kwenda nyumbani. Ungedhani basi mwanamke wa miaka hamsini na sita, aliyebakiza miaka minne tu astaafu, angekaa mbali na kitu chochote chenye waya nyekundu. Wapi!

Kila asubuhi tangu mwisho wa Juni, saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiwa umeifunika Machakos hata vilima vya Iveti havionekani, Syombua alifungua maabara ya chuo akaenda moja kwa moja hadi chumba kidogo cha giza ambacho zamani kilikuwa stoo. Alivuta hita ndogo kutoka nyuma ya kabati, akaiwasha, akafunga mlango. Saa mbili kasorobo aliizima, akaifunga kwa leso na kuirudisha mafichoni. Saa mbili Mutanu aliingia akikohoa, akakuta chumba kina joto la jikoni, nalo halikuisha mpaka alipomaliza kuangalia.

"Aiya, mwaitu," Mutanu angesema akisugua viganja, "hii chumba iko na baraka. Kwetu Ndithini hatujui baridi kama ya huku."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Syombua hakumzaa binti huyo, lakini kwa muda wa miaka miwili alikuwa amemwoshea chupa, amempikia chai na kumsikiliza akilia mara mbili, kwa hiyo jina lilimkaa. Kazi yake rasmi ilikuwa kutunza maabara. Kazi yake nyingine, ambayo haikuandikwa popote, ilikuwa kuwahurumia wanafunzi, na hiyo ndiyo iliyomtia matatani.

Mutanu alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari. Alikuwa amepewa ruhusa ya miaka miwili kuja kusoma shahada ya pili, na ruhusa ilikuwa inaisha Agosti. Utafiti wake ulihusu ngozi ya seli, ule utando unaoizunguka kila chembe ya mwili, na jinsi aina mbalimbali za mafuta zinavyochanganyika ndani yake. Kwa kuwa seli yenyewe ina mambo mengi mno, alitengeneza vya kuigiza: viputo vya mafuta ndani ya maji, kila kimoja chembamba kuliko unywele, vyenye ngozi nyembamba kama ya seli ya kweli. Ngozi hiyo, alimweleza Syombua, ukiipanga elfu ishirini moja juu ya nyingine ndipo ufikie unene wa ukurasa wa daftari. Syombua alicheka, akidhani anataniwa.

"Na haya mafuta yanatoka wapi?" aliuliza siku ya kwanza, akiviangalia vichupa vitatu vidogo vilivyokuja kwa barafu.

"Hii na hii zimetolewa kwa kiini cha yai. Ya tatu ni kolesteroli."

"Yai la kuku?"

"La kuku, mwaitu."

Kwa Syombua mjadala uliishia hapo. Alikuwa amefuga kuku nyumbani kwake Mitaboni miaka thelathini, na kitu cha yai kinataka joto. Hilo halihitaji shahada. Aliwahi kupoteza vifaranga sitini alfajiri moja ya Julai kwa sababu jiko lilizimika, na mpaka leo hajasahau alivyowaokota mmoja mmoja, wakiwa wakavu na wepesi. Tena alimwona Mutanu mwenyewe akivikuza viputo vyake kwenye maji ya moto. Sasa vikishakuzwa, vikapakwe juu ya kioo baridi, kwenye chumba baridi? Aliona ni ukatili. Mutanu alimwambia mara nyingi kwamba viputo havina uhai, kwamba ndani yake mna maji ya sukari tu. Syombua aliitikia kwa adabu, na kesho yake akawasha hita kama kawaida.

Alichokitafuta Mutanu kilikuwa kitu kimoja. Mafuta ya aina ya kwanza yana mikia iliyonyooka, na ya aina ya pili yana mikia iliyopinda. Kuni zilizonyooka, alieleza, ukizifunga mzigo hushikana vizuri. Zile zilizopinda hukataa kukaa pamoja. Kolesteroli nayo hupenda kukaa na zile zilizonyooka. Kwa hiyo kwenye ngozi ya kiputo, zilizonyooka zinatakiwa zitafutane zenyewe, zijikusanye na kolesteroli yao, zijitenge na kuwa visiwa. Alitia rangi nyekundu inayong'aa ambayo hupenda mafuta yaliyopinda, ili visiwa vionekane vyeusi. Vitabu vyote vilisema vitaonekana kwa joto la chumba, na Mutanu kila asubuhi aliandika kwenye daftari lake, "joto la chumba," akaendelea na kazi.

Wiki tano zilipita. Viputo vilikuwa vizuri, vya mviringo, vyekundu kote. Kisiwa hata kimoja hakikuonekana. Mutanu aliongeza kolesteroli, akapunguza kolesteroli, akabadilisha sukari, akaosha vioo mara tatu, akaanza kukonda. Hadubini yenyewe, ile yenye taa kali ya kuamsha rangi, ilikuwa ya kuazima kutoka kituo kimoja cha utafiti upande wa Lukenya, na gari la kuichukua lilikuwa linakuja Ijumaa saa sita mchana. Daktari Ndambuki alisema wazi, bila ukali: kama hadi Ijumaa hakuna kitu, utafiti huo umekufa, na Mutanu ataanza mwingine. Kuanza mwingine hakukuwezekana. Maana yake ilikuwa kurudi Ndithini bila shahada, baada ya miaka miwili, kwa watu waliomfanyia sala ya kumuaga kanisani.

Ijumaa hiyo alfajiri, jikoni kwake Mitaboni, Syombua alifunua sufuria ya supu ya mbuzi ya jana yake. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Juu ya supu, mafuta ya mbuzi yalikuwa yameganda, mabaka meupe ya mviringo, na katikati yake uto aliokaangia ulibaki majimaji, wa manjano, haujaganda. Aliiweka sufuria kwenye moto, akasimama na mwiko. Baka moja likayeyuka, na lingine, na lingine, mpaka juu kote kukawa rangi moja.

Mwiko ulisimama mkononi.

Aliiteremsha sufuria, akaiweka nje kwenye saruji na kuchutama kando yake kama mtu anayengoja yai lianguliwe. Jirani yake Ndila alipita akielekea kukamua, akamuuliza kama anaumwa. Baada ya muda baka jeupe la kwanza lilitokea pembeni, kisha la pili. Yalisogea yakakutana.

"Ni mimi," alisema kwa sauti. "Mungu wangu, ni mimi."

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wiki tano amekuwa akimwona msichana akikonda mbele ya macho yake, akimpa chai, akimwambia avumilie, na kumbe kila siku kabla hajafika yeye ndiye anayemyeyushia kazi yake. Njia nzima hadi mjini alijadiliana na nafsi yake. Angesema? Barua ya pili ilikuwa inamngoja. Na ya kusema yote ni ya nini, ikiwa kutowasha hita kungetosha? Visiwa vingetokea, Mutanu angefurahi, gari lingekuja likaenda, na hakuna ambaye angejua. Alipofika alikuwa ameshaamua kunyamaza. Hakuwasha kitu. Alifungua hata dirisha, pazia lake jeusi akaliacha limeshuka.

"Leo baraka imeenda wapi?" Mutanu aliuliza saa mbili, akijikunyata ndani ya sweta. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hakulala.

"Joto ya huku ni ya kwenda na kurudi," Syombua alisema, akijishughulisha na chupa zilizokwisha kuoshwa.

Mutanu aliweka tone la jana yake chini ya hadubini, akawasha taa, akainamia kioo. Syombua alisikia pumzi yake ikikatika.

"Mwaitu. Mwaitu, kuja."

Miaka ishirini na sita Syombua alikuwa amefuta hadubini za chuo kile, na hakuna aliyewahi kumwambia aangalie ndani. Aliweka jicho. Mwanzoni aliona kope zake tu. Kisha giza likafunguka, na katikati yake kulikuwa na tufe jekundu linaloelea, na juu ya tufe hilo, visiwa vyeusi. Vilikuwa vya mviringo kabisa, kana kwamba vimekatwa kwa kikombe. Vilitembea. Viwili vilisogeleana taratibu, vikagusana, vikatetemeka mara moja, na vikawa kimoja, cha mviringo vilevile, kikubwa zaidi. Hakuna aliyevisukuma. Hakuna aliyeviambia vipendane. Ni mafuta ya yai, na maji, na asubuhi ya baridi.

"Vinajipanga vyenyewe," alinong'ona.

"Vyenyewe, mwaitu."

"Na hii iko kwa mwili wangu?"

"Watu bado wanabishana ni kwa kiasi gani. Kwa seli hai visiwa ni vidogo sana, havionekani hivi. Lakini mafuta ni hayahaya."

Syombua alijishika mkono mmoja kwa mwingine. Alitamani kupiga magoti, na hakujua ampigie nani magoti hapo, kwa hiyo akabaki amesimama.

Saa tatu Daktari Ndambuki aliingia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayependa ukweli kuliko watu, na wanafunzi walimwogopa kwa sababu hiyo. Aliinama kwenye hadubini kwa dakika nzima.

"Madoa," alisema.

"Daktari?"

"Taa hii ni kali. Ikiyapiga mafuta muda mrefu huyaharibu, na yakiharibika huweka mabaka kama haya. Au ni uchafu. Wiki tano hakuna kitu, Mutanu. Leo gari liko njiani, visiwa vimejaa. Ni nini kilichobadilika?"

"Hakuna, Daktari. Sampuli ni ya jana, vipimo ni vya jana. Hakuna nilichobadilisha."

"Basi siwezi kutia sahihi. Kitu kinachokuja bila sababu hakinifundishi lolote." Alivua miwani, na sauti yake ikapoa. "Pole. Najua umehangaika."

Kilichomuudhi Syombua ni kwamba mzee huyo alikuwa na haki. Kitu kilikuwa kimebadilika, na aliyekijua alikuwa amesimama pembeni ameshika kikombe cha chai, anahesabu miaka minne ya kustaafu. Alimtazama Mutanu. Binti hakulia safari hii. Alikuwa anafunga daftari polepole, akilinyoosha kona, namna mtu anavyofunika maiti.

"Iko kitu imebadilika," Syombua alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Ni joto. Mimi nimekuwa nikiwasha hita hapa kila asubuhi. Leo sijawasha." Alikwenda nyuma ya kabati, akaivuta, akaifungua leso mbele yao. "Niliona ni vitu vya yai, nikahurumia. Nikaona baridi itaviua. Mutanu, mwana wakwa, unisamehe. Hakujua, Daktari. Hajui kitu. Ni mimi."

Uso wa Mutanu ulipita hasira, ukapita kicheko, ukarudi kwenye hasira, na Syombua akaona bora angepigwa kofi.

Daktari aliangalia hita, akaangalia tangazo mlangoni. "Mama Nzuki," alisema, akimwita Syombua kwa jina la mwanawe, "barua yako utaipata Jumatatu."

"Nesa, ni sawa, Daktari. Lakini hayo si madoa."

"Unajuaje?"

"Doa likiingia kwa nguo, ukilipasha moto linatoka?"

"Halitoki."

"Na likitoka, halafu nguo ikipoa lirudi palepale?"

Daktari alivaa tena miwani yake. "Kitu cha namna hiyo," alisema pole pole, "si doa."

"Basi angalia."

Aliweka kikombe chini. Kiganja chake kilikuwa bado na moto wa chai. Akakilaza juu ya bamba la shaba lililoshika kioo cha sampuli, akakikandamiza kama anavyompima mtoto homa. Daktari aliinama kwenye hadubini.

"Kingo zinatetemeka," Daktari alisema. Baadaye akasema, "Zinafifia." Kisha sauti yake ikabadilika kabisa, ikawa sauti ambayo Syombua hakuwahi kuisikia katika miaka yote ya kufanya kazi chini yake. "Vimekwenda. Vyote. Kote ni nyekundu. Toa mkono."

Alitoa. Walingoja. Hewa baridi ya dirishani ilipita juu ya bamba.

"Aiya," alisema Daktari Ndambuki, ambaye kazini hakuwahi kusema Kikamba. "Vinarudi. Vidogo, vingi sana, kama mvua inaanza. Sasa vinakutana. Mutanu, njoo. Hapana, ngoja. Mama, weka tena."

Aliweka tena. Walifanya hivyo mara nne, wakipokezana kioo, na kila mara joto la mkono wa mwanamke mmoja wa Mitaboni liliviyeyusha visiwa, na kila mara alipouondoa vilijiumba upya. Mutanu alipoangalia mara ya tatu, machozi yalikuwa yanadondoka kwenye meza na hakujali kuyafuta.

"Vinavunjika kwa joto gani?" Daktari aliuliza, akiwa hajainua kichwa.

Mutanu alifungua daftari lake, na hapo akagundua kosa lake mwenyewe. Kurasa ishirini na tano, na kila moja, kwa mwandiko safi wa mwalimu, iliandikwa joto la chumba. Hakuwahi kulipima hata mara moja.

"Joto la chumba gani?" Daktari alisema. "La waliokiandika kitabu, au la Mama Nzuki?"

Nje gari lilipiga honi. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Munyao, dereva wa kituo, alikuwa amekuja mapema. Mutanu alimtazama Daktari. Bila namba hakuna shahada, na hadubini ilikuwa inaondoka.

Daktari alitoka nje, wakamsikia akimsihi dereva, yeye ambaye hakuwahi kumsihi mtu, kwamba anywe chai, ale chapati, apumzike kidogo, saa sita si imesemwa saa sita? Aliporudi alikuwa na kipimajoto chenye waya mkononi. Alikifunga kwenye bamba la shaba kwa utepe. Kisha alifunga dirisha na mlango.

"Lete hiyo hita," alisema.

Syombua alidhani hakusikia vizuri.

"Lete. Mkono wako haupandi kwa mpangilio." Akapiga magoti chini ya meza, na suruali yake ya pasi, akaichomeka mwenyewe kwenye soketi, kinyume cha tangazo lake mwenyewe, akaanza kuisogeza karibu na meza shubiri moja moja. "Mutanu, wewe soma kipimajoto na uandike. Kila nusu nyuzi. Mimi nakaa na hii kitu isituchome."

"Na nani anaangalia?" Mutanu aliuliza.

Hakukuwa na mtu mwingine. Syombua alifuta jicho kwa ncha ya leso, akaketi kwenye kiti kirefu ambacho hakuwahi kukikalia, akainama.

Tufe lilikuwa palepale, jekundu, limejaa visiwa. Nyuma yake alimsikia Mutanu akitaja namba. Ishirini na moja. Ishirini na moja na nusu. Alifikiria vifaranga wake, na mbuzi wa ile supu, na mama yake aliyelala kaburini Mitaboni, na watoto watatu aliowabeba tumboni. Wote walivikwa ngozi hizi, mamilioni kwa mamilioni, mafuta yakitafutana na kuachana kila pumzi, bila mtu kujua, tangu dunia iumbwe. Na yeye, mtu wa kuosha chupa, alikuwa ameruhusiwa kutazama. Aliogopa, na hofu hiyo ilikuwa tamu.

"Ishirini na nne."

"Bado," alisema.

"Na nusu. Ishirini na tano."

"Bado. Kingo zinatikisika."

"Ishirini na tano na nusu. Ishirini na sita."

Kisiwa kikubwa cha katikati kilianza kuyumba, ukingo wake ukawa kama moshi. Kikagawanyika kwa vidole vyembamba. Kikajaribu kujishika.

"Sasa!" Syombua alipiga kelele. "Sasa, sasa, kimekwenda!"

"Ishirini na sita na nusu," Mutanu alisema, na kalamu yake ilisikika ikikwaruza karatasi. Kisha ikasimama. "Daktari, hapa kuna nafasi ya jina la aliyeona. Niandike lako ama langu?"

Chini ya meza hita ilizimwa. Daktari Ndambuki alikohoa vumbi.

"Aliyeona ni nani?" alisema. "Andika aliyeona."

Kalamu ilikwaruza tena. Syombua alijua anapaswa kugeuka, aseme asante, au akatae kwa adabu, kama inavyofaa. Lakini bamba lilikuwa linapoa, na kwenye ile nyekundu tupu kisiwa cheusi cha kwanza kilikuwa kimeshaanza kutokea, kidogo kama ncha ya sindano, na kingine, na kingine, na hakutaka hata kimoja kimpite.